Mwaka Nilioitwa Mdokozi

Siku ya pili baada ya kumzika Mama Edina, binti yake alinikuta uani kwao, pale Mpemba karibu na Tunduma, nasugua sufuria la msibani kwa majivu, akaninong'oneza nimfuate nyuma ya jiko. Nilidhani anataka kuniuliza habari za unga, kwa kuwa wageni kutoka ng'ambo ya mpaka walikuwa bado wanaingia. Edina sasa ni mama wa watoto wakubwa, lakini alisimama mbele yangu akizungusha ncha ya kanga kidoleni kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka kumi na miwili.

"Dada Yusta," alisema, "vile vitenge vya kwaya havikuibiwa."

Nilijipangusa majivu mikononi kwa kanga.

"Vilipatikana. Vilipatikana mwaka ule ule, wewe ukiwa bado hujaondoka. Lile jora lilibaki Nakonde kwa yule mama wa Kizambia, chini ya meza yake. Mama alilifuata mwenyewe. Mimi ndiye niliyelibeba kichwani wakati wa kurudi."

"Mkalipeleka wapi?"

"Aliliuza Vwawa, polepole. Hasara alikuwa ameshaibeba yeye, kwa hiyo kwaya haikumdai kitu. Aliniambia nisiseme, yeye mwenyewe angetafuta namna ya kulisema."

"Na namna hakuipata."

"Hakuipata, dada."

Mtu angefikiri ningeruka kwa furaha, au ningelia. Nilirudi kwenye sufuria langu nikaendelea kulisugua mpaka mama mmoja akaniambia limeshang'aa, niliache. Tangu nirudi nyumbani Vwawa sijakaa kitako. Nainuka, nafagia mahali palipofagiliwa, nafungua dirisha nalifunga. Juzi nimekata gauni la mteja mkono mmoja mfupi kuliko mwenzake, jambo ambalo halijanitokea katika miaka zaidi ya thelathini ya kushika mkasi. Hasira ninayo, ila wa kumwangukia yuko ardhini, na nilimwaga udongo juu yake kwa mkono wangu mwenyewe. Nimeona heri niuandike mwaka ule, labda mikono itatulia.

Nilikotoka na wazazi wangu nitawaeleza mahali pengine. Hapa inatosha kujua kwamba nilishuka kutoka Ibaba, kwenye milima ya Ileje, nikiwa na miaka kumi na saba, nikaja Tunduma kujifunza ushonaji. Wakati huo hatukuwa na mkoa wa Songwe, tulihesabiwa Mbeya. Chumba cha kushonea cha Mama Edina kilitazama barabara kuu, na malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yalisimama karibu mno na mlango kiasi cha kutuzibia mwanga. Lori likisogea, jua liliingia ghafla juu ya vitambaa, ukaona kila uzi. Likija lingine, tukarudi gizani, na mimi niliyekuwa nikipiga pindo nikaendelea kwa kupapasa. Kulikuwa na cherehani tatu za kukanyaga, meza ndefu ya kukatia, pasi ya mkaa, na ukutani picha za mitindo zilizofifia kwa vumbi. Chumba cha nyuma ndicho tulicholala mimi na Faraja, msichana mwenzangu wa kujifunza, aliyetoka bonde la Momba. Faraja alicheka akiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu ya jino lake la mbele lililovunjika, na alikuwa na uwezo wa kutunga uzi kwenye sindano huku anaongea na kutazama kwingine. Mchana tulikula ugali na dagaa wadogo waliotoka Zambia, sote kwenye sinia moja, Mama Edina akiwa katikati yetu akitugawia mboga kwa kidole. Alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, na alinipenda. Mimi ndiye niliyetunza ufunguo wa stoo. Akija mteja alinisifia kwa jina la kabila langu: "Mndali wangu huyu, mikono yake haina pupa."

Jambo lenyewe lilitokea kirahisi sana. Kwaya ilikuwa imechangishana kununua vitenge vya sare, bluu yenye maua ya njano, majora mawili, kutoka kwa mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Siku iliyopangwa, Mama Edina alikuwa kwenye mazoezi kanisani, na Faraja alikuwa mtoni akifua. Mwendesha baiskeli mmoja, wale wanaovusha mizigo mpakani, alisimama mlangoni akateremsha furushi, nikalipokea, nikalifungia stoo. Lilikuwa na jora moja. Mama Edina aliporudi akaulizia la pili. Nikamwambia limekuja moja. Akamtafuta mwendesha baiskeli, naye akaapa: "Nilichopewa chote nimemkabidhi yule msichana." Hakusema uongo, masikini. Alichopewa chote alinikabidhi. Mama wa Nakonde alikuwa ameshasafiri kwenda Kitwe kwa biashara zake, na zama hizo hapakuwa na simu ya kumpigia. Likabaki neno langu dhidi ya jora lisilokuwepo.

Jumamosi akina mama wa kwaya walikuja wakakaa kwenye viti vilivyopangwa ukutani, nami nikawekwa kwenye kigoda katikati ya chumba. Walizungumza Kinamwanga kwa muda mrefu, lugha ambayo niliielewa nusu nusu, na katikati ya maneno yale nikawa nasikia jina langu likipita, likirudi, likipita tena. Kisha wakarudi kwenye Kiswahili.

"Ufunguo ulikuwa na nani?" aliuliza mmoja.

"Mimi."

"Na siku ile nyumbani alikuwepo nani mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi mwanangu, tusaidie. Umempa nani?"

Nililia, nikaapa kwa jina la Mungu, nikajieleza tena na tena, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyoona nyuso zao zikizidi kutulia, kama watu wanaosikia walichokitegemea. Hatimaye Mama Edina akainua mkono. Alisema angelipa jora lile mwenyewe. Akasema pia kwamba hatanirudisha kwetu wala kunipeleka polisi. "Mimi nimemsamehe. Atakaa hapa hapa, chini ya macho yangu, mpaka Mungu ambadilishe." Wenzake wakaguna kwa kumstahi. "Una moyo, Mama Edina," walimwambia. Nami nilitaka kupiga kelele kwamba sina cha kusamehewa, lakini msamaha ulikuwa umeshatolewa, na ukishasamehewa hadharani huna tena pa kusimama useme hukukosa.

Ufunguo ukarudi kiunoni kwake. Kopo la sukari likahama kutoka rafu ya chini kwenda chumbani mwake. Edina akaambiwa, mbele yangu, asiache hereni zake kwenye cherehani. Wateja walipokuja kupimwa waliuweka mkoba miguuni na kuukanyaga ukanda wake, nami nikiwa nimepiga magoti kupima urefu wa sketi niliuona ule ukanda chini ya kiatu, karibu kabisa na uso wangu. Sijui nani alianza kuniita Mdokozi. Naamini lilianza kama mzaha, kwa kuwa mtaani kila mtu alikuwa na jina la utani, lakini langu lilikuwa la utani kwa wasemaji tu. "We Mdokozi, njoo unipimie." "Mdokozi wa Mama Edina yupo?" Kuku wa jirani alipopotea, balozi wetu wa nyumba kumi alikuja moja kwa moja kupekua begi langu. Kuku ndani ya begi! Siku nyingine ikawa redio, siku nyingine ndoo. Kuku alirudi mwenyewe na vifaranga, na hakuna aliyekuja kusema lolote.

Nilianza kutembea vibaya. Sina namna nyingine ya kulieleza. Nikitembea haraka niliona watu wakijiuliza nakimbia nini, nikitembea polepole niliona wakijiuliza ninachungulia nini. Dukani niliingia nikiwa nimeshaishika pesa mkononi juu juu, ionekane. Usingizi ulikuwa wa kukatikakatika, chakula nilikila nusu nikainuka. Faraja peke yake hakuniita lile jina, ila hata yeye, nilipoamka asubuhi moja, nilimwona akihamisha kijaluba chake cha vipodozi kutoka chini ya mto kwenda ndani ya sanduku lenye kufuli. Alipoona nimemwona, alicheka akiziba mdomo. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeanza kujitilia shaka hata mimi. Kuna siku nilikaa kwenye kigoda nikijaribu kukumbuka ile siku ya furushi, nikajiuliza kama kweli lilikuwa jora moja.

Watu husema mwizi huzaliwa hivyo, au hufundishwa na njaa. Mimi sikuwa na njaa. Ilinichukua miezi minne hivi kufika pale ambapo wenzangu walikuwa wameshaniweka siku ya kwanza, na aliyenifungulia mlango wa mwisho alikuwa mteja. Aliitwa Enjo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrembo, mwenye kucheka kwa sauti, ambaye alileta kitambaa akataka sketi pana yenye mifuko miwili mikubwa ndani, isiyoonekana kwa nje. Nilijua mifuko ile ni ya kufichia vitu vya wizi. Tunduma nzima ilijua. Wakati nampima kiuno alinikagua usoni.

"Wewe ndiye yule mdokozi wa Mama Edina?"

"Ndivyo wanavyosema."

Akacheka, bila ubaya wowote. "Haya mdogo wangu, endelea. Ngoja nikatafute chikanda, njaa inaniuma." Akatoka kwenda kununua kile chakula cha Kizambia, mizizi inayopondwa pamoja na karanga ikakatwa vipande kama nyama, na mkoba wake akauacha juu ya cherehani yangu, wazi, noti zinaonekana. Aliporudi hakutazama hata ndani. Alinikatia kipande cha chikanda akanilisha kwa mkono wake, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na chaki. Kwa miezi minne hakuna mtu aliyekuwa ameacha mkoba wazi mbele yangu. Wacha Mungu walikuwa wakikanyaga ukanda, na mwizi ndiye aliyeniamini. Ningemfuata mwanamke yule popote.

Nilimfuata Nakonde. Tulivuka mchana kweupe pamoja na mamia ya watu, tukisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mulishani," na sokoni yeye alibembeleza bei kwa sauti kubwa huku mimi nikisimama upande wa pili wa meza. Kitu cha kwanza nilichoiba maishani mwangu kilikuwa soksi za mtoto mchanga, nyeupe, zenye utepe wa waridi. Sikuwa na mtoto wala sikujua mwenye mtoto. Zilikuwa karibu na mkono, basi. Nazieleza soksi zile kwa sababu ya kilichofuata, ambacho kwa miaka mingi nilikionea aibu kuliko wizi wenyewe: nilitulia. Tuliporudi upande wetu nilitembea barabarani kwa mwendo wangu wa zamani, mabega chini. Watu waliponitazama, sasa walikuwa wanatazama kitu kilichopo. Ule mzigo wa kujieleza kichwani mchana kutwa ulikoma. Nilikula sahani yangu ikaisha.

Baada ya hapo nilienda naye mara nyingi, sabuni, betri, mikebe ya mafuta ya nywele. Siku moja muuzaji aliniona. "Kabwalala!" alipiga kelele, neno lao la mwizi, na soko zima likageuka. Enjo alinishika mkono tukakimbia kati ya magunia mpaka nikahisi mapafu yanapasuka, na tulipofika salama alikaa chini akacheka mpaka machozi. Nami nilicheka. Nilikuwa nimeitwa jina lile lile katika lugha nyingine na mtu asiyenijua kabisa, na safari hii mwitaji alikuwa na haki.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya ushuhuda. Mama Edina alisimama mbele ya kanisa akasimulia jinsi alivyomlea mwizi nyumbani mwake kwa upendo, asimfukuze, na jinsi yule mwizi alivyobadilika. Alisema siku hizi ninakula vizuri, ninatembea nimetulia, na uso wangu una nuru. "Yusta, simama wakuone." Nilisimama. Watu walipiga vigelegele. Alikuwa amekiona kile kile nilichokieleza, ule utulivu, ila sababu yake hakuijua, na mimi nimesimama pale mbele ya mamia ya macho nilihisi chuki ambayo sijawahi kuihisi tena.

Jumatatu asubuhi, alipokwenda sokoni, niliuchukua mkasi wake wa kukatia. Ulikuwa mkasi mzito wa chuma, zawadi ya mumewe marehemu, hakuruhusu mtu mwingine aushike. Hata kuunoa aliunoa mwenyewe, kwenye jiwe la uani. Niliufunika kwa kanga, nikaenda chooni, nikautupa shimoni. Sikuuhitaji, wala sikutaka kuuuza. Nilitaka apoteze kitu kweli, kwa mkono wangu kweli.

Nilingojea kishindo kinishukie. Hakikunishukia. Mama Edina alipekua meza, akapekua stoo, akakaa kwenye kiti akiwa amejishika kichwa, na nilimwona anavyohesabu. Mimi sikuweza kuwa mwizi, kwa sababu jana yake tu alikuwa ametangaza kanisani kwamba nimepona. Edina alikuwa mwanawe. Macho yake yakatembea polepole chumbani mpaka yakamfikia Faraja, na yakabaki hapo.

Jumamosi akina mama walikuja. Viti vile vile ukutani, kigoda kile kile. "Nyumbani alikuwepo nani mwingine?" Safari hii mimi niliandaa chai, na baada ya kuwagawia, mama mmoja alinisogezea kiti nikae nao. Nilikaa. Naandika neno hili na mkono unataka kuliacha: nilikaa nao ukutani, kikombe magotini, nikimtazama Faraja anavyolia na kuapa. Nilijua kila neno kabla hajalisema. Nilijua pia kwamba halitamsaidia. Na ndani yangu kulikuwa na kitu kama kupumua. Lile jina lilikuwa limenishuka mabegani, na mabega yangu yalifurahi bila kuniuliza.

Siku zilizofuata nilimwona Faraja akianza kutembea haraka, halafu polepole, halafu haraka. Aliacha kucheka, kwa hiyo hakuwa na haja tena ya kuziba mdomo. Akawa analiweka begi lake nje ya mlango wa chumba chetu, zipu wazi, ili yeyote apitaye apekue bila kumsumbua. Uzi ukaanza kumshinda kutunga. Mara mbili nilimwita pembeni nikitaka kumwambia, na mara mbili nikaishia kumuuliza kama amekula.

Siku ya kumi na moja Enjo alikuja kuchukua sketi nyingine. Ilikuwa adhuhuri, chumba kimejaa wateja, lori limesogea tu na jua limefurika mezani. Faraja ndiye aliyepiga magoti kumpima. Enjo akainama akamtazama usoni, akiwa na tabasamu lake lile lile zuri.

"Wewe ndiye yule mdokozi mpya?"

Kisha akaweka mkoba wake juu ya cherehani ya Faraja, wazi, akasema anakwenda kutafuta kitu cha kutafuna. Nikamwona Faraja akiutazama ule mkoba. Hakuutazama kwa tamaa. Aliutazama kama mtu aliyekuwa na baridi muda mrefu anavyotazama moto wa wenzake. Nilijua ametembea hatua ngapi na zimebaki ngapi.

"Mama," nilisema, "mkasi nilichukua mimi."

Cherehani zote zilinyamaza.

"Nimeutupa chooni. Faraja hajui kitu. Nimeiba na Nakonde pia, sabuni na vitu vingine. Lakini Faraja hajaiba."

Mama Edina alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa pini. "Na vitenge?" aliuliza.

"Vitenge sikuchukua, Mama. Jora lilikuja moja."

Mteja mmoja akacheka kidogo kwa pua. Mwingine akasema, "Si tulijua tangu mwanzo?" Hivyo ndivyo ilivyokuwa: ukweli nilioukiri ulikuwa ushahidi wa uongo walioamini, na nisingeweza kumwokoa Faraja bila kujizika mwenyewe. Hayo niliyaelewa siku ile ile. Ambacho sikukielewa, mpaka Edina aliponivuta nyuma ya jiko wiki mbili zilizopita, ni kwamba Mama Edina aliniuliza habari za vitenge huku akijua. Nimepiga hesabu za miezi, nimemuuliza Edina mara tatu. Walikuwa wameshalifuata lile jora. Nakumbuka kwamba nilipomjibu hakunitazama. Aliinamia kitambaa akakinyoosha kwa kiganja, kitambaa ambacho kilikuwa kimenyooka. Angesema neno moja tu mbele ya wateja wale. Lakini neno lile lingeubomoa ule msamaha, na ule ushuhuda, na vigelegele, na kwa miezi mingi alikuwa ameishi ndani ya vitu hivyo kama mtu anavyoishi ndani ya nyumba. Nataka kumchukia. Kila ninapofika karibu, namwona Faraja kwenye kigoda, na kikombe kile cha chai magotini mwangu. Yeye alinyamaza miaka thelathini, mimi nilinyamaza siku kumi na moja. Nimeitafuta tofauti usiku na mchana. Ipo, lakini ni ndogo kuliko ninavyotaka.

Faraja hakunishukuru. Nilipokuwa nakunja nguo zangu ili niondoke, alisimama mlangoni mwa chumba chetu.

"Siku kumi na moja, Yusta," alisema. "Ulikuwa unaniangalia."

"Nisamehe."

"Ulikuwa unaniuliza kama nimekula."

Hatukuonana tena. Edina anasema alirudi kwao Momba mwezi huo huo, akaolewa huko, na kwamba anashona. Nimeomba anitafutie njia ya kumfikia. Bado sijapata jibu, na sijui nitamwambia nini nikilipata.

Kutoka Tunduma nilishukia Hasamba, karibu na Vwawa, kwa kuwa ulikuwa msimu wa kahawa na walihitaji wachumaji bila kuuliza maswali. Nilipata kazi kwa mjane mmoja, Mama Nzowa, Mnyiha mfupi, mkavu, asiyependa maneno mengi. Tulichuma tangu umande haujakauka, vikapu viunoni, na mchana tulikula kande chini ya miti ya kahawa. Nililala bandani na wachumaji wengine, nikiwa wa kwanza kuamka na wa kwanza kutoka, nisibaki peke yangu na vitu vya watu. Haikupita wiki ya tatu, mchuuzi mmoja wa nguo kutoka Tunduma akapita shambani, akanitambua. Nilimwona akimvuta Mama Nzowa pembeni. Nilimwona akinionyesha kwa kidevu. Nikaanza kuvua kikapu.

Kesho yake Mama Nzowa aliwaongoza wenzangu kwenda shamba la mbali, akaniambia mimi nibaki nyumbani nigeuze kahawa iliyoanikwa. Mlango wa nyumba aliuacha wazi. Niligeuza kahawa, nikaigeuza tena, nikazunguka uwanja, nikakaa, nikasimama. Jua lilikuwa kali na kibarazani kulikuwa na kivuli, lakini kibaraza kilikuwa karibu mno na ule mlango. Nilikaa katikati ya uwanja, juani, mahali ambapo jirani wa pande zote angeweza kuniona, mpaka aliporudi alasiri peke yake, na jembe begani.

"Mbona umekaa juani kama mbuzi aliyefungwa?"

"Nilikuwa naangalia kahawa, Mama."

Akaegemeza jembe ukutani, akaketi kwenye gogo karibu nami, akavua viatu vyake vya mpira akakung'uta udongo.

"Nimeambiwa huko Tunduma ulikuwa mwizi. Kweli?"

Nilikuwa nimechoka kukana na nimechoka kukiri. "Niliiba mkasi wa mama aliyenilea," nilimjibu. "Niliiba sabuni Nakonde, na betri, na soksi za mtoto. Wanasema niliiba na vitenge vya kanisa. Vitenge sikuiba."

Alinitazama, akiwa na kiatu kimoja mkononi.

"Basi," alisema, "vitenge hukuiba."

Alisema hivyo tu. Hakuna mtu aliyekuwa amenirudishia sentensi ile mwaka mzima. Niliinamisha uso nikashindwa kuuinua.

"Haya inuka, maharage yamekuwa chapwa kwa kukosa chumvi tangu jana. Ingia ndani ukanitolee. Iko kwenye kikopo, juu ya kabati, pembeni ya pesa za wachumaji."

Niliingia. Kulikuwa na giza na ubaridi, harufu ya moshi na ya maganda ya kahawa. Nililiona kabati, nikakiona kikopo, nikaziona na noti zimewekewa jiwe. Nikatoka haraka kuliko nilivyoingia, nikasimama mbele ya Mama Nzowa nikiwa nimenyoosha mikono yote miwili, viganja juu, vidole vimeachana, aone kila kitu.

Aliitazama mikono yangu, akanitazama usoni, na nadhani alielewa, kwa kuwa sauti yake ilishuka.

"Nimekuona, mwanangu," alisema. "Sasa chumvi iko wapi?"

Nikageuka nikaingia tena.